Blaise Hakusikia, Nami Nikanyamaza

Wanangu wa meza ya sauti,

Jumapili iliyopita nilikaa safu ya nyuma kanisani, karibu na nyinyi, nikamsikia mmoja wenu, sitamtaja jina, akimwambia mwimbaji wa kwaya, "Usijali, Anti, nitakuongezea." Akakisukuma kidude juu, yule mama akatabasamu, ibada ikaendelea. Hakuna aliyeumia. Lakini mimi nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari mpaka mahubiri yakaisha, na mama zenu wakaniuliza kama presha imepanda.

Presha haikupanda. Nilimkumbuka mtu.

Najua mnasoma Kiswahili polepole, na nikiwauliza jambo kwa Kiswahili mnanijibu kwa Kiingereza. Hii isomeni hivyo hivyo, hata kama itabidi mketi na mama zenu. Sina lugha nyingine ya kuisimulia. Mambo yenyewe yalisemwa kwa Kiswahili, na hiyo ni sehemu ya ubaya wake.

Nilifika Birmingham kutoka Nakuru kulea wazee katika nyumba moja ya wazee kule Harborne. Kazi ya sauti ilinikuta ukubwani. Siku ya Pasaka kanisa letu lilikodi spika za Mzee Gurdial, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, ambaye alikuwa na gereji Acocks Green iliyojaa spika hadi kwenye dari. Mimi nilijitolea kumsaidia kufunga vitu. Nikaanza kuzungusha waya kwenye kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, kama tunavyofunga kamba. Nikasikia nyuma yangu, kwa Kiswahili cha karakana:

"Wewe mama! Hiyo waya imekukosea nini? Hiyo si kamba ya ng'ombe!"

Akanionyesha: mzunguko mmoja uende juu, wa pili upite chini, usilazimishe, fuata waya inavyotaka yenyewe kujikunja. Nikarudia mara kumi na tano akihesabu. Jumamosi iliyofuata alinipigia simu. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilikosea sana mwanzoni. Kwenye harusi moja Sutton Coldfield niliweka spika mbili kubwa za besi chini ya meza ya keki, kwa sababu palikuwa na nafasi. Wapiga dholi, zile ngoma kubwa za Kipunjabi, walipoanza, keki ilianza kutembea. Keki ya ngazi tano, wanangu, ilikuwa inasogea taratibu kuelekea ukingoni kama inayokwenda kusalimia wageni. Mzee Gurdial aliikimbilia akaikumbatia wimbo mzima, kilemba chake kikipakwa krimu, huku akinitazama bila kupepesa. Kwenye gari hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa unajua besi iko na miguu."

Alinifundisha kutembea ndani ya ukumbi mtupu nikipiga makofi ili nijue kuta zinajibu nini. Alinifundisha kubeba vizibo vya masikio mfukoni kama mtu anavyobeba funguo. Na alinifundisha jambo ambalo nilikuja kuliacha nikijua ninaliacha: mwanamuziki akikuomba umwongezee sauti kwenye monita, ile spika ndogo inayolala chini ikimtazama ili ajisikie, usiongeze. Muulize kwanza ni nini kinachomzuia kusikia, upunguze hicho.

"Ukiongeza leo, kesho ataomba tena," alisema. Yeye mwenyewe alivaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Alikulia kwenye kiwanda cha mbao cha baba yake, kando ya msumeno.

Sasa niwaeleze kuhusu Pluie et Sel.

Jina hilo maana yake ni Mvua na Chumvi. Walikuwa wawili tu. Claire alitoka kijiji cha wavuna chumvi magharibi mwa Ufaransa. Alipiga besi na kuimba. Blaise alikulia Lille, kwenye mvua, na alipiga gitaa. Mara ya kwanza nilipowaona walikuwa wamekuja kupiga ghorofani kwenye baa moja Digbeth. Fundi wao alikuwa ameugua njiani, Mzee Gurdial akaombwa mtu, akanituma mimi. Walikuwa na gitaa, besi na kiboksi kidogo cha kupiga ngoma ambacho Claire alikibonyeza kwa kidole cha mguu. Watu waliokuja hawakufika ishirini, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango.

Lakini wanangu, lile gitaa! Blaise alilipigia kule juu kabisa, kwenye nyuzi nyembamba, noti ndogo ndogo za haraka zinazometameta kama vigae vya glasi juani. Sauti ya Claire ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi, na lile gitaa lilimzunguka bila kumgusa. Nyimbo za dakika mbili na nusu. Zikiisha unabaki umeinua mkono kama mtu aliyeporwa kikombe.

Wakati wa kupanga vyombo nilikuwa nikizungumza na binti yangu Wambui kwenye simu. Nilipokata, Blaise alikuwa ananitazama.

"Maman," akasema, "mi pia nasikia ile luga. Mama yangu ni wa Lubumbashi."

Basi akawa mwanangu siku hiyo hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, cha jikoni, na Kifaransa kikichomoza kila mahali, na kwangu kilikuwa kitamu sana. Miezi michache baadaye waliniomba niwe fundi wao wa kudumu. Niliacha kazi ya Harborne. Wambui alidhani nimerukwa na akili.

Miaka ile ya mwanzo ndiyo ninayoiota usingizini. Wimbo wao mmoja ulishikwa na redio za Ufaransa, kisha za Ubelgiji, kisha vijana wa hapa wakaanza kuuimba bila kujua maneno yake. Baa zikawa kumbi. Kile kiboksi cha ngoma kikawekwa pembeni, akaajiriwa mpiga ngoma aliyekaa nyuma yao. Claire akaanza kuandika viitikio kwa Kiingereza, virefu, vya kuimbwa na umati. Muziki ukapanuka, na ukawa mkubwa kwa sauti pia. Ngoma za kweli hazipunguzwi kwa kidude. Blaise alisimama mbele ya matoazi kila siku ya kazi, upande wa kushoto, na hakuwahi kuvaa vizibo nilivyompa.

"Maman Wambui, ongeza kiloko," aliniambia. Kiloko ni kidogo, kwa Kiswahili cha kwao.

Nikaongeza kiloko. Kesho yake kiloko tena. Nilijua cha kufanya, nilifundishwa na mtu aliyelipia somo hilo kwa masikio yake. Lakini Blaise aliomba kwa upole, ukumbi ulikuwa umejaa, na nilipoongeza alinigeukia akaweka mkono kifuani kunishukuru. Ni vigumu kumnyima kitu mtu anayekushukuru hivyo.

Siku niliyojua tulikuwa mjini Leeds, mchana, tukijaribu vyombo. Nilikosea kitu kwenye monita yake na ikaanza kulia, ule mlio mwembamba wa kuchoma ambao nyinyi mnaujua. Claire aliziba masikio. Mpiga ngoma akaangusha fimbo. Mfagiaji aliyekuwa mwisho wa ukumbi alipiga kelele. Blaise, ambaye mlio ulikuwa unatoka miguuni pake, aliendelea kufunga uzi wa gitaa huku akiimba pole pole peke yake. Kisha akainua kichwa, akamwona Claire ameziba masikio, na yeye akayaziba.

Alichelewa sana. Mimi pekee ndiye niliyekuwa nikimtazama.

Alinifuata mezani kwangu. Claire alikuwa hapo, hatua mbili kutoka kwetu, anakunja waya. Blaise hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya kawaida, akitabasamu, kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Umeona. Najua umeona. Maman, Claire asijue. Atasimamisha kila kitu. Ni kazi yake pia, ni maisha yake."

"Blaise, unahitaji daktari."

"Nitaenda. Njo vile tu. Lakini asijue."

Claire akacheka. "Mnasema nini nyinyi wawili?"

Nikamtazama usoni nikasema, kwa Kiingereza safi, "Anasema chakula cha mchana kilikuwa kibaya."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa Claire. Ulinitoka laini kabisa.

Kwa daktari nilimpeleka mwenyewe, hapa Birmingham, wiki ambayo hatukuwa na safari. Mtaalamu wa masikio alikuwa binti mpole. Alituonyesha karatasi yenye mstari ulioanza juu na kushuka kama ngazi za kwenda chini ya nyumba. Akasema sauti nyembamba zimeondoka na hazirudi, na zilizobaki zitafuata asipoacha kelele. Blaise akauliza ana muda gani. Yule binti akasema swali hilo si sahihi, aache sasa. Kwenye ngazi za kutokea Blaise akaniambia, "Baada ya ziara hii." Ziara ilipoisha ilikuwa, "Baada ya albamu."

Na hapa ndipo nataka msikilize vizuri, kwa sababu mambo haya hamtayakuta kwenye magazeti ya muziki.

Albamu iliyofuata ndiyo iliyowafanya mashuhuri. Bila shaka mama zenu waliwahi kuisikia. Gitaa lote lilikuwa limeshushwa chini, mpaka likakaribia kuwa besi ya pili. Nyimbo zilikuwa za polepole, nzito, za vinanda vya umeme na ngoma kubwa zinazosikika tumboni kabla ya masikioni. Zile noti zinazometameta hazikuwapo hata moja. Hata wimbo wa zamani wa redio aliuhamishia chini, na Claire alipomuuliza kwa nini akajibu, "Nimeuchoka ule utoto." Waandishi waliandika kwamba Pluie et Sel wamekomaa, wameingia gizani kwa hiari, wamepata sauti yao ya kweli. Mmoja alisifu ujasiri wa Blaise wa kuikana njia iliyompa jina.

Nilisoma maneno hayo kwenye treni nikalikunja gazeti. Blaise hakukana kitu. Alikuwa anateremka ngazi ile ya kwenye karatasi, na kila alipofika aliandika nyimbo za pale pale aliposimama, kwa noti alizokuwa bado anazisikia. Zilikuwa nyimbo nzuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Zilikuwa nzuri kuliko za mwanzo.

Mimi nikawa fundi hodari wa kuficha. Nilimtafutia kifaa cha kukanyaga kinachoonyesha kwa taa kama uzi umekaa sawa, ili atege gitaa kwa macho. Niliweka taa ndogo kwenye monita yake, nikaiwasha kumwonyesha mahali pa kuingia. Nilimpa spika ndogo za kuchomeka masikioni nikazijaza besi. Mafundi wengine walikuja mezani kunipongeza kwa ubunifu.

Nilimweleza Mzee Gurdial mara moja tu. Alikuwa amedhoofika, anakaa sebuleni na blanketi magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua vifaa vyake vya masikio akaviweka kiganjani.

"Mke wangu alikaa miaka mitano akidhani nimemchoka," akasema. "Anasema kitu, mimi nanyamaza. Anacheka, mimi sicheki. Mimi nilikuwa naona aibu kusema sisikii. Wewe mama, huyo kijana yuko na mwenzake. Mwambie mwenzake."

"Nimemwahidi, Mzee."

"Basi vunja. Unangoja nini?"

Jibu nilikuwa nalo moyoni. Nilikuwa nimetoka kubadilisha mashuka ya wazee Harborne, sasa nakaa kwenye meza ya sauti yenye urefu wa gari, kwenye kumbi ambazo mafundi walioniita "bibi wa kanisani" walikuwa wanaomba kazi. Claire angejua, yote yangesimama. Nilimlinda Blaise, ndiyo. Na mimi pia nilijilinda. Mzee Gurdial alifariki nikiwa safarini na Pluie et Sel, na sikuwahi kumzika.

Mambo kati ya Claire na Blaise yaliharibika jinsi Mzee alivyosema. Jukwaani Claire alizoea kumrushia mzaha kati ya nyimbo, na Blaise kuurudisha. Watu walikuja hata kwa hilo tu. Sasa alirusha, mzaha ukaanguka sakafuni. Kwenye gari alimwuliza jambo, Blaise akaendelea kutazama dirishani. Akaacha kumwuliza. Wakaanza kusafiri kwenye magari tofauti. Magazeti yakaandika kwamba wamechukiana, na hilo nalo likauza tiketi.

Asubuhi moja, hotelini, Claire alikuja kuketi mezani kwangu na kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa.

"Wewe anakuambia mambo," akasema. "Mnazungumza lugha yenu. Niambie nimemkosea nini."

Hapo, wanangu. Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, chai yangu ilikuwa moto, alikuwa ameniuliza kwa kinywa chake.

"Amechoka tu, Claire," nikasema. "Atapoa."

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaondoka.

Onyesho la mwisho lilikuwa hapa Birmingham, Jumapili mchana, kwenye ukumbi mkubwa. Claire alikuwa ameomba waimbe wimbo mmoja wa kale, ule wa kwanza waliowahi kuandika, wakiwa wawili tu kama zamani. Bila ngoma, bila vinanda. Nilijua itakuwa vigumu, lakini kwenye majaribio ilienda salama.

Gitaa lina kibanio kidogo cha kubana nyuzi shingoni. Ukikisogeza hatua moja, wimbo wote unahama. Blaise alikibana hatua moja juu kuliko inavyotakiwa. Akaanza kupiga. Kilikuwa kitu kizuri, kisafi, lakini si pale Claire alipozoea kuimbia.

Claire akaingia mahali pake. Sauti na gitaa vikagongana kiasi kwamba watu wa mbele walikunja uso. Akanyamaza baada ya mstari mmoja, akamgeukia Blaise ili acheke naye kama mtu anavyocheka na mwenzake aliyekosea.

Blaise alikuwa amefumba macho, anapiga, ametulia. Alikuwa anamsikiliza Claire ambaye hakuwa anaimba.

Nilimwona Claire akielewa. Nilikuwa mbali, mwisho wa ukumbi, lakini uso wake ulikuwa kwenye skrini kubwa, na nikaona kila kitu kikimpita usoni: mizaha iliyoanguka, madirisha ya gari, asubuhi ya kahawa. Kisha akatazama mwisho wa ukumbi, kunitafuta mimi.

Halafu akarudi kwenye maiki akaimba kule Blaise alikokuwa. Alipanda hatua nzima juu ya sauti yake, mahali ambapo koo lake halikuwahi kufika. Kwenye ubeti wa mwisho sauti ilikatika mara mbili. Hakuacha. Watu walisimama wakashangilia, walidhani ni hisia. Blaise alifumbua macho, akaona wamesimama, akaweka mkono kifuani.

Nilipofika chumba chao cha nyuma, Claire alikuwa amesimama mlangoni.

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Miaka sita," akasema. Hakupaza sauti. "Miaka sita nilidhani ananichukia. Nikajifunza kumchukia na mimi, ili tulingane. Ulijua hilo? Ulikuwa unaniona nikijifunza?"

"Nilikuona."

Blaise alikuwa ameketi, gitaa bado mapajani, anatazama midomo yetu. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia kwa Kiswahili kwamba onyesho lilikuwa baya, kwamba alikosea kibanio, kwamba Claire alimfuata kule juu mpaka koo likachanika. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia ukweli kuhusu kazi yake. Ilibidi niseme mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi, mpaka wabeba vyombo kule koridoni wakanyamaza. Alipoelewa aliliweka gitaa chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akasema:

"Mi nilifikiri imekuwa muzuri kabisa."

Hakupiga tena mbele ya watu. Pluie et Sel iliishia hapo, kwa tangazo fupi lililosema wanapumzika. Sikuitwa kazini na mtu yeyote mwenye jina baada ya hapo, wala sikutafuta. Nilirudi kufunga spika za harusi, na mwaka jana mgongo uliponishinda nikastaafu.

Kwa hiyo, wanangu, mtu akiwaomba kuongeza, shukeni mezani, mwendeeni, mwulizeni hasikii nini. Mkigundua kwamba tatizo ni sikio lake, mwambieni siku hiyo hiyo, na mwambieni anayesimama kando yake. Atawakasirikia. Mwacheni akasirike.

Claire huniandikia kila baada ya miezi kadhaa. Sielewi kwa nini, na siulizi. Anaandika kwamba Blaise amerudi Lille, anafanya kazi kwenye bustani ya manispaa, na kwamba yeye hupanda treni kwenda kula naye mchana. Huketi karibu na dirisha, uso kwa uso, ili mwanga uangukie midomo. Blaise amekuwa mwepesi wa kusoma midomo. Mizaha imerudi.

Barua ikifika huwa nasoma haraka mpaka chini, kutazama kama Blaise naye ametia sahihi. Zamani, kwenye mabango na kwenye kadi za Krismasi, walitia sahihi pamoja, majina mawili kwa wino mmoja. Hizi zina jina la Claire peke yake.